Hatua za Nusu Saa

Kiuu, Ruiru

Kwako Baba,

Natumai goti halikusumbui sana wakati huu wa kupalilia, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi ni mzima, ila nimechoka, Baba, na si kwa kazi peke yake.

Unajua hapa kiwandani Thika mimi ndiye ninayepiga hesabu ya mikebe ya maharagwe ikitoka motoni, ipoe kwa muda gani kabla ya kupangwa stoo. Joto hushuka mbio mwanzoni, kisha mwendo unapungua. Kwa hivyo naangalia joto la sasa na kasi yake, nasonga dakika tano, nakadiria upya, nasonga tena. Wiki iliyopita kompyuta ilikuwa kwa fundi, nikafanya kwa mkono. Mistari ya hesabu ilinichosha, nikaanza kuruka nusu saa nusu saa. Hesabu ikachukulia kasi ya mwanzo imedumu nusu saa nzima, ikasema mikebe imepoa kabla haijapoa. Wanjiku, mama wa Gatuanyaga anayepanga mikebe, akaipanga ingali moto. Maharagwe yakachacha.

Msimamizi alisema Wanjiku hakungoja muda, akamfukuza. Nilimkuta getini amebeba aproni yake.

“Si nilifuata tu karatasi yako, mami?” aliniambia. “Wewe ndiye umesoma.”

Siku tatu niliificha karatasi ya hesabu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na niliogopa. Naona haya kukuandikia hivi.

Kisha nikakumbuka ile kamba ya kupandia mahindi. Kila mstari ulipimwa kutoka ule uliotangulia, nami nikapima kwa macho ili nimalize haraka, hata tukajikuta tumeingia shamba la jirani. Hukunichapa. Ulisema tung’oe vigingi vyote turudi kwa kile cha kwanza.

Basi juzi nilimpelekea msimamizi karatasi, nikamwonyesha nilipoanza kuruka. Alisoma, akauliza kwa nini sikusema mapema. Mkataba hautaongezwa. Wanjiku amerudi leo. Hakunisalimia, lakini saa nne alinisogezea kikombe cha chai.

Nisalimie Mama, umweleze polepole. Msalimie pia dada yangu Naliaka na wanawe, na shangazi wa ng’ambo ya mto.

Nitafika mwisho wa mwezi. Msimu ujao niachie kamba, Baba. Nitapima kila mstari.

Binti yako,
Nekesa