Wateja wa Mama Wananipita

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako maana nimekwama na sina wa kumwambia.

Nina mgahawa hapa Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, aliuanzisha mama yangu akaniachia alipofariki mwaka jana, na wateja wake ni madereva, wote walimwita Bamayo, yaani mama kwa Kibemba, hata waliomzidi umri. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni na mtu hali mpaka aulizwe njia ilikuwaje na watoto hawajambo. Baada ya mazishi nilikiacha kigoda palepale, basi wateja wakawa wakiingia wanakisalimia, "Bamayo, tumefika," halafu wanaanza, mchuzi wa Bamayo ulikuwa mzito, Bamayo alituongezea maharage bila kuombwa, na mimi nimesimama na sahani mkononi kama sipo. Nilivumilia sana. Juzi juzi Samwel, dereva anayekula kwetu tangu nikiwa shule, akakiinamia kigoda akasema, "Bamayo, huyu mtoto wako hajui kucheka," wenzake wakacheka, nikalipuka: "Kama mnamtaka Bamayo mfuateni makaburini, hapa ni kwangu!" Kigoda nikakitupa stoo mbele yao. Samwel aliacha chakula, akanawa, akaondoka, na tangu hapo wote wananipita wanakwenda kula kwa jirani. Nimeshusha bei, nimeweka televisheni, wapi! Mimi pia nimefiwa, mbona hakuna anayeliona hilo? Nifunge nirudi kulima kijijini kwetu Hasamba?

Frida, Tunduma

JIBU

Frida mwanangu, pole sana. Nimekuhurumia, kisha nikakukasirikia. Mtu amekuja kula unamwelekeza makaburini? Ulimi gani huo! Mteja akikosa chumvi atakusamehe, lakini ukimdhalilisha mbele ya wenzake, televisheni haitamrudisha.

Kuna jambo hukuliona. Mama yako alipozikwa, wale madereva bila shaka walikuwa safarini. Hawakukaa msibani, hawakutupia udongo kaburini. Walipofika Tunduma walikuta kigoda kitupu, wakakipa pole zao. Wewe ukadhani wanakupima.

Usifunge. Kesho asubuhi nenda kwenye foleni, mtafute Samwel, mpe shikamoo, umwombe radhi mbele ya walewale waliosikia. Usimbebee chakula, asije akaona unanunua msamaha. Mwambie ulichoniambia mimi, kwamba na wewe umefiwa. Angejuaje, wakati kila siku ulimwekea sahani umenuna na hukusema kitu? Kigoda kirudishe mlangoni. Akija, muulize safari kabla ya kumuuliza atakula nini, na maharage umwongezee.

Wakianza kumtaja mama, usikimbilie jikoni. Kaa uwasikilize, ukitaka kulia lia hapohapo. Ndugu zenu wamesharudi mashambani, na kanisani jina lake limeshaacha kusomwa. Hao madereva ndio waliobaki wanaomtaja mama yako kila siku, na ndio uliowafukuza. Wafuate, Frida, kabla na wao hawajanyamaza.