Paa Lisilo na Mteremko

Shikamoo Mjomba Kasiani,

Natumai mvua za Lumemo hazijakuzuia kuezeka. Hapa Uingereza inanyesha tangu nifike. Leo, kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo, nilimhoji Bi Jean, mzee wa ghorofa ya tisa katika jengo la zege. Ijumaa anahamishwa ili libomolewe. Alihamia humo akiwa msichana, na mama yake alilia kwa furaha kuona maji ya moto na choo cha ndani. Lakini wasanifu waliona paa la mteremko ni la kizamani, wakaweka la bapa, maji yakatuama juu, na dari zikavuja miaka yote.

Nikamweleza kazi yako ya kuezeka mapaa ya mteremko.

“Mwite aje,” akasema. “Kuta bado nzima.”

“Amechelewa kuzaliwa, mama. Alihitajika siku walipoliezeka.”

Akacheka, kisha akaendelea kufunga vikombe vyake kwenye magazeti.

Mungu akushike huko juu ya kenchi za mapaa.

Mpwa wako,
Fidelis