Zaitun na Kopi za Kitabu

Biryogo, Jumanne

Sijalia. Sihisi kitu.

Zaitun wangu, mwalimu wa chuo kikuu (mtaa mzima unajua, niliwaambia mimi), leo ameitwa ofisini. Aliwatolea wanafunzi kopi za kitabu kizima. Angetoa kurasa chache wasingemgusa. Sasa huenda akasimamishwa kazi.

"Kwani umeiba? Si umenakili tu?" nikamuuliza.

"Mama, kunakili ndiyo kosa lenyewe. Kitabu kina mwenyewe."

Nikavuta gauni la mteja mapajani. Mimi mshono wa fundi mwingine nikiuona mara moja, nakata kitambaa na kuutoa vilevile. Biryogo hakuna anayenifikia. Zaitun alikulia kando ya cherehani hii, akisikia nikisifiwa.

Kesho huko ofisini atawaambia hakujua kama ni kosa. Watamuuliza alilelewa wapi.