Maana ya Mfalme wa Pau

Jumatatu, 4 Machi

Najifunza kusoma karata: navuta moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni naandika siku ilivyokwenda, na hiyo ndiyo maana yake. Mwalimu wangu ni jirani, mama mstaafu wa posta. Anasema maana za vitabuni ni viatu vya kuazima. Leo tisa ya uru: mteja kakalia miwani yake mwenyewe, kaja dukani kunigombeza mimi niliyeweka lenzi. Tisa ya uru — lawama za bure.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi wa shupaza. Bosi kanuna tangu kufungua duka mpaka kufunga. Hii haikuhitaji mwalimu.

Jumanne, 12 Machi

Mfalme wa pau. Saa nne ujumbe kutoka kwa mume wangu: nisimsubiri tena, ana mke mwingine huko aliko, na mtoto wao ameshaanza kutembea. Kutembea! Miaka miwili nawaambia watu yuko kwenye mkataba wa kazi, atarudi. Nikachonga lenzi sita, hata moja haikupasuka. Daftarini: mfalme wa pau — mwongo mwenye sauti nzuri. Nyumbani sijamwambia mtu. Naona aibu, basi.

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu kaja — Kitinda, anayeolewa mwezi ujao na fundi wa lifti. Dada, nisomee huyu bwana wangu, tucheke kidogo. Nikampangia tatu. Ya katikati, mfalme wa pau. Nikafungua daftari, nikamsomea kama nilivyoandika. Kicheko kikamkauka. Kauliza kama nina uhakika. Nikasema ndivyo karata inavyosema. Mdomo huu!

Jumatatu, 18 Machi

Kitinda kamrudishia fundi pete. Mama kapiga simu, analia, anasema watoto wa siku hizi hawaambiliki. Sikumwambia ni mimi niliyemsomea.

Nikaenda kwa jirani. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. Kwani hukumuuliza kwanza karata inamkumbusha nani? Kila anayesomewa huulizwa! Sikumuuliza. Basi, kasema, umemsomea siku yako wewe, si yake. Kaendelea na mchele wake.

Jumatano, 20 Machi

Fundi wa lifti yuko sebuleni, na sare ya kazi, grisi mpaka viwikoni. Kakataa kukaa kwenye kochi, asije akalichafua. Nimesema namletea maji. Naandika jikoni.

Hakuja kugombana. Shemeji, nionyeshe tu hiyo karata. Nikamwonyesha. Kaitazama weee! Kasema inamkumbusha marehemu baba yake, kwa zile ndevu. Kisha kauliza, sasa kosa langu ni lipi? Ndipo nikakimbilia haya maji.

Kitinda nimempigia mara mbili, hapokei. Haya, sasa anapiga mwenyewe.

Simu sikioni, kalamu mkononi. Hanipi nafasi. Yuko kwa fundi cherehani, anarudisha gauni. Anasema ananishukuru, nimemwokoa. Anasema heri mimi dada yake, niliyepata mwanamume mkweli, hata akiwa mbali roho yangu imetulia.

Sebuleni shemeji anakohoa, kimya kimya, kama mtu anayeogopa kusumbua.

Haloo, dada? anasema. Mbona kimya?