Meza Haijakauka

Baba watoto,

Kikaratasi nimekiweka kitini kwa sababu meza ina vanishi mbichi. Usiiguse! ~~Chakula jipikie.~~ Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Mimi nimekwenda kumrudishia seremala brashi yake.

Asubuhi uliondoka umenuna, hata chai hukumaliza, eti rangi ile nyeusi ya meza ni mkono wa marehemu mama yako na mimi naufuta. Iliniuma, lakini msasa nikapiga. Weusi ulipotoka, nikakuta jina lako pembeni kwa wino, herufi kubwa za mtoto anayejifunza kuandika.

Kumbe Mama hakuwa anapamba meza, alikuwa anakufichia kosa, baba yako asilione!

Hapo penye jina msasa haukupita tena. Kesho ikikauka, utakaa upande huo.

Mkeo mfuta rangi