Mama Amemfukuza Mkwe Wake

Jumanne, Lurambi

Mama anaona. Namshukuru Mungu, na ninampenda Makokha wangu hata sijui niandikeje.

Mume gani huyu? Alikuwa tayari kuuza pikipiki yake ili mama yangu akatibiwe mtoto wa jicho kwa leza, Nairobi. Daktari wa hapa Kakamega akatutuliza: leza husaidia kukata, lakini kuweka lenzi bado ni kazi ya mkono wake, na kwa jicho hili tofauti ingekuwa ndogo. Tukakubali upasuaji wa kawaida. Niliogopa tumekosea.

Leo bandeji imetolewa. Daktari akainua vidole. “Mama, hivi ni vingapi?”

Mama hakuvitazama. Nikadhani haoni.

Kumbe alikuwa akitazama mlangoni, aliposimama Makokha. Akavuta leso, akajifunika uso, akaniuliza:

“Huyo anayekuchekea ni mkwe wangu? Mwambie atoke. Aibu gani hii?”

Kwetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa bintiye. Makokha akatoka mbio. Nilimkuta nje akifuta machozi, meno yote nje.

“Mpenzi,” akaniambia, “sijawahi kufukuzwa vizuri hivi.”