Kivuli cha Sumaku

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo. Nimepata kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu, na nimepanga chumba na mwenzangu wa kazini, tunamwita Mrefu.

Mama, kuna kreni yenye sumaku pana kuliko meza yetu ya kulia! Inanyanyua injini nzima bila ndoano. Dereva wake anasema hiyo si sumaku ya kuzaliwa. Ndani mna chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, mizunguko kwa mamia. Umeme ukipita kwenye waya, chuma kinageuka sumaku, umeme ukizimwa, kinaachia. Umeme na sumaku ni ndugu wa tumbo moja, anasema. Umeme ukitembea unazaa sumaku, na sumaku ikizungushwa karibu na waya inazaa umeme.

Jua la hapa halina huruma, ila saa ya chai dereva anatuachia mzigo ukining'inia, tunakaa chini yake, kivulini.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, lakini barua yako imenisahaulisha goti.

Hiyo ya sumaku kuzaa umeme naijua. Si ndiyo dinamo ya baiskeli ya marehemu baba yako? Akiacha kukanyaga tu, taa inazimika, anaingia mtaroni na vitunguu vyangu. Sasa niambie, umeme ukikatika hapo kwenu, huo mzigo unashikwa na nani? Hapa unakatika kila wiki. Naogopa, sikufichi. Kunyweni chai juani.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeninyima usingizi. Nilimuuliza msimamizi, akasema kuna betri za akiba, zinashika mzigo dakika kumi. Nikaomba tuzime umeme tuzijaribu, bila mtu chini. Akasema hana muda wa michezo. Nilichungulia kwenye kasha la betri mwenyewe: vichwa vyote vimeota kutu ya kijani.

Niliwaambia wenzangu, wakacheka. Sasa nakaa ukutani, juani, peke yangu. Wananiita Mtoto wa Mama. Mrefu ananiletea kikombe changu mpaka hapo, halafu anarudi kivulini. Naona aibu, mama. Nafikiria kurudi kukaa nao.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Aibu haijaua mtu. Usirudi kivulini, nakusihi kwa maziwa niliyokunyonyesha. Na huyo Mrefu mvute mkono, naye ana mama.

Mama yako


15 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nijibu hata mstari mmoja. Tarehe mbili umeme ulikatika hapa saa nne asubuhi, saa yenu ya chai. Tangu siku hiyo chakula hakipiti.

Mama yako


22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Barua yako ya maziwa ilifika asubuhi ileile ya tarehe mbili. Nilimsomea Mrefu. Akacheka, akasema, "Mwambie mama kesho nakaa juani." Akaniletea chai, akarudi kivulini; wenzetu walikuwa bado kwenye birika. Niliona feni ya ofisini ikipunguza mwendo, nikapiga kelele kumwita. Mzigo haukungoja hata nimalize kulitaja jina lake. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Msimamizi amesema mimi ndiye nimwandikie mama yake Mrefu, kwa kuwa tulikaa chumba kimoja. Nimeshika kalamu siku tatu. Nimeandika "Shikamoo, mama," na nimekwama hapo. Nisaidie. Baada ya salamu, mama kama wewe anaambiwa nini?

Mwanao